Fundi Aliyenusa Nguo

Ukimpelekea Fundi nguo kuukuu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinusa. Hakuitandaza, hakuuliza unataka ikatwe namna gani. Aliisogeza puani kama mtu anayeangalia kama maziwa yamechacha, akafumba macho, kisha akakwambia jambo ambalo hukumwuliza. "Hii imelala na mahindi." Na kweli, ulikuwa umeitoa kwenye gunia stoo. "Mwenye hii alikuwa anapika na kuni." "Mwenye hii ni mtu wa hasira, angalia vile kwapa zimeungua." Sisi tuliozoea kukaa kibandani kwake pale sokoni Tala tulicheka, kwa maana nani Ukambani hajapika na kuni, na nani hana hasira? Lakini jioni nikiwa peke yangu, nikifunga marobota yangu ya mitumba, nilijinusa.

Niseme mapema: huyu mama sikuwahi kumwelewa, na kadiri ninavyomkumbuka ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Mtu akikwambia anamjua fundi wake, mwulize anamjua vipi. Mimi nilikaa naye bega kwa bega miaka mingi. Mimi nauza marinda na sketi za mitumba. Yeye alikuwa kwenye baraza ya duka la mabati na misumari, na cherehani yake ya kukanyaga, pasi ya makaa, na mkasi ambao hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuushika. Rinda likinikatalia kuuzwa, ama kwa sababu ni refu kama la mtawa, ama lina mabega ya sponji ya kumfanya mtu aonekane askari, nilimpelekea. Alilifumua, akalikata, akaliunganisha na jingine lililokataliwa na dunia, na siku ya soko wanawake wakaligombania. Suruali ya mzee ilitoka sketi ya shule. Mapazia yalitoka suti ya mama wa kwaya. Wote walimwita Fundi, hata pasta, na nadhani hata wakaza-wanawe.

Shida ilikuwa kuzungumza naye. Fundi hakusema neno miguu yake ikiwa kwenye kanyagio. Ulimwuliza swali, akaendelea kushona. Ukauliza la pili, akaendelea. Ukachoka, ukaanza kusimulia habari za mvua. Cherehani ikisimama ndipo jibu lilipotoka, na hapo ilibidi ukisie ni jibu la swali lipi. Mimi niliwahi kumwuliza kama amemwona binti yangu akipita, na kama nimletee chai, na kama ni kweli pasta wao anahamishwa. Cherehani ikasimama. "Ndiyo, lakini usitie sukari," akasema. Hilo angalau nililielewa. Lakini kuna mama mmoja wa pale karibu aliyeuliza kama sketi yake iko tayari, halafu kama mumewe ameonekana hapo na mwanamke. Akajibiwa, "Jana." Ile ndoa iliyumba mpaka wazee wakaitwa, na sketi ikakaa kibandani hadi ikasahaulika.

Tepi aliivaa shingoni kila siku, lakini sikuwahi kumwona akimpima mtu nayo. Ukija kushonewa alikutuma. Nenda pale kwa mama wa chapati uniletee moja. Nenda uniulizie makaa. Wewe ukaenda, yeye akakuangalia ukienda na ukirudi, na hiyo ndiyo ilikuwa kupimwa. Nilimwambia basi aitupe hiyo tepi. Akaniambia tepi inampima mtu aliyesimama wima ameshikilia pumzi, na nani anaishi hivyo? Nikamwuliza kwa nini basi anaivaa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana shingo.

Na ndani ya kila mshono aliacha kitambaa kingi kimekunjwa, alichokiita akiba. Mafundi wengine huacha kidogo ili wabaki na vipande. Yeye aliacha akiba ya kutosha rinda jingine, na vipande vilivyobaki alikurudishia vyote kwenye mfuko, hata vifungo vilivyovunjika, hata uzi. "Nguo bila akiba," alisema, "ni nguo ya mtu ambaye amemaliza kuishi." Basi ungedhani ni mtu wa kutunza vya zamani. Ungekosea. Yeye mwenyewe hakuvaa mtumba hata siku moja, wala nguo aliyoifumua. Alivaa nguo mpya za dukani, zile ngumu za kukwaruza, alizonunua Machakos mjini na kuvaa zikiwa bado na alama ya kukunjwa. Nilimwuliza sababu. Mara ya kwanza alisema mpishi hali chakula chake. Mara ya pili alisema ana ngozi ya mzio. Mara ya tatu alisema, "Nimechoka kuvaa watu." Nikaacha kuuliza, maana majibu yalikuwa yanaongezeka na mimi nilikuwa napungua.

Kijana mmoja alimletea koti la babu yake ili likatwe liwe kizibao cha harusi. Koti zuri, zito, la mistari. Fundi akalinusa, akauliza babu alikufa lini. Kijana akasema babu yuko, yuko nyumbani anachunga mbuzi. Basi Fundi akalikunja na kumrudishia. "Mrudishie. Mtu akiwa hai, koti lake bado linaenda mahali." Tulimsifu siku nzima. Wiki hiyohiyo akaikata sketi ya dada yake mwenyewe, aliyeileta tu iongezwe pindo, akaifanya mto wa kukalia kwenye kiti cha cherehani. Dada yake alikuwa hai kabisa. Alikuwa hai na alikuwa amesimama pale, anapiga kelele soko lote likisikia.

Halafu kuna habari ya koti la mumewe. Mumewe alipozikwa, tulidhani nguo zake zitakuwa kazi ya maisha ya Fundi, kwamba atazifanya magauni na mashuka na kila kitu. Hakugusa hata kifungo. Alizifunga zilivyo, akazipeleka soko la Masii, akaziuza kwa mtu asiyemjua. Akaniambia alikuwa mrefu, basi zivaliwe na mtu mrefu. Miezi ikapita. Siku moja mwanaume mgeni akapita mbele yetu, mrefu, amevaa lile koti la kahawia lenye kiraka cha ngozi kwenye kiwiko. Mimi nililitambua kabla yake, au nilidhani ni kabla yake. Cherehani ikasimama. Fundi akamwita, "Wewe, kuja." Yule mtu akaja. Akamwambia kifungo kinaning'inia, atakipoteza. Akamvua, akakikaza, akakata uzi kwa meno, akalinusa koti kidogo tu, akamvisha tena. Halafu akamlipisha kama mtu yeyote. Mimi ndiye niliyelia, na nikaambiwa nisiloweshe nguo za watu.

Nasimulia haya yote ili ueleweke ugumu wangu, maana siku ilifika nami nikampelekea nguo za mama yangu.

Mama alipofariki, nguo zake ziligawanywa kama inavyofanywa kwetu: zikatandazwa juu ya mkeka uani, shangazi wakakaa, kila mtu akapewa lake. Tuko wawili tu kwa mama, mimi na dada yangu mkubwa aliyeolewa Masii. Kulikuwa na rinda moja la bluu lenye kola nyeupe. Mama alilivaa kanisani, alilivaa kliniki, alilivaa akiitwa shuleni kwa sababu yangu. Nilimwuguza mimi, nikajua ni langu. Dada akasema yeye ndiye mkubwa. Shangazi wakampa. Mimi nikapewa rinda la kijani la kitenge na la hudhurungi la vitone vyeupe. Maneno yaliyosemwa pale juu ya mkeka siyarudii. Yalisemwa na wote wawili na yalitosha. Tangu siku hiyo dada hakukanyaga kwangu, wala mimi kwake. Alikuja Tala siku za soko, lakini alizungukia nyuma ya soko la mboga ili asinione. Nilijua, kwa sababu nami nilikuwa nachungulia.

Kisha binti yangu, Mwende, akachumbiwa, na wakwe wakasema wanaleta ntheo, wale mbuzi wa kwanza wa posa. Hapo ndipo lilipoanza kuniuma. Nyanya yake ndiye angekaa mbele siku ile. Nikaona sasa nitafanya hivi: nitampelekea Fundi yale marinda mawili anifanyie moja, niwe nimemvaa mama. Nikifa leo, hilo ndilo nililotaka. Ilikuwa lazima likatwe mara moja na likatwe vizuri, kwa kuwa marinda ya mama hayako mengine.

Fundi akayanusa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinusa kitu. Mama alikuwa mteja wake. Nikangoja aniambie amelala na nini, alipika na nini. Badala yake alinituma chapati, nikaenda nikarudi. Akayaweka chini ya meza.

Yakakaa. Siku za soko zikapita, ntheo ikakaribia. Nikauliza, cherehani ikaendelea. Nikauliza tena, akaniambia, "Imeiva." Nikamwuliza kama ni rinda au ni chapati. Jumamosi moja kabla ya ntheo akanipa mfuko, nikalivaa palepale nyuma ya pazia.

Lilinitosha. Nianzie hapo, maana ni haki yake. Lilinikaa kama lilikuwa linanisubiri. Hudhurungi ya vitone kifuani, kijani chini. Halafu nikatazama mikono na mifuko. Ilikuwa bluu. Kola ilikuwa nyeupe.

Ile bluu naijua. Ningeijua gizani. Nikashikilia mkono wa rinda, nikahisi kama nimeamka katika nyumba nisiyoijua. Bluu ilikuwa Masii, kabatini kwa dada. Imefikaje kwangu? Na nikageuka nikaona kijani changu kimepungua. Kipande chote cha nyuma hakipo, na mfuko wa vipande vilivyorudishwa ulikuwa na vifungo na uzi tu. Fundi ambaye hakuwahi kula kipande cha mtu! Nikatoka nimevaa hilo rinda, nikamfokea mbele ya watu. Kijani changu kiko wapi? Hii bluu ni ya nani? Umekata nini? Unajua umekata nini? Cherehani ikaendelea hadi nikaishiwa na maneno. Ikasimama.

"Imekutosha?" akauliza.

Nikamwambia hilo silo swali. Akayapangusa macho kwa ncha ya leso. "Macho yangu yameisha," akasema. "Dadako pia alileta zake. Labda nilichanganya."

Sokoni watu waliniona mimi ndiye mbaya, kumfokea mama mzee ambaye macho yanamwisha. Na kweli yalikuwa yanamwisha. Hata mimi nilikuwa nikimtungia uzi kwenye sindano. Nikaenda nyumbani nimebeba rinda na hasira, nikijua huko Masii kuna mwanamke mwingine anafokea ukuta kwa sababu ile ile.

Sikuwa na jingine la kuvaa, au sivyo. Nilikuwa na marinda stoo nzima. Nikalivaa lile.

Siku ya ntheo wageni wakafika na mbuzi wao, nyimbo zikaanza langoni. Nikiwa nimesimama mbele na shangazi, nikamwona dada yangu anaingia kwa mlango wa nyuma wa ua. Mwende ndiye aliyempigia simu bila kuniambia. Alikuja na uso wa mtu aliyekuja kudai mali. Na alikuwa amevaa rinda: bluu chini, kijani changu kifuani, mikono ya hudhurungi ya vitone. Kola nyeupe, upande wa pili wa ile ya mama. Lilimkaa sawasawa, hata bega lake la kushoto lililoshuka tangu alipovunjika utotoni, ambalo hakuna nguo ya dukani iliyowahi kulielewa.

Akafungua mdomo. Nami nilikuwa nimeufungua wangu. Lakini mama mmoja wa upande wa wageni, mnene, mwenye sauti, akapiga makofi kabla yetu. Akasema wameheshimika sana. Kwamba wameenda nyumba nyingi lakini hawajaona mama wa msichana na mama mkubwa waliojipanga hivi, wakashona sare kabisa. Wote wakapiga vigelegele. Wakatushika mikono, wakatukalisha pamoja kwenye kochi la mbele, wakatupiga picha.

Ungesema nini? Uwaambie wakwe hiyo si sare, ni ugomvi? Tukakaa. Dada akatabasamu kwa meno. Baada ya muda, bila kunigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mfuko wangu wa kulia una shimo. Nikautia mkono. Ulikuwa nalo. Lilikuwa lile shimo ambamo mama alitia kidole akisali, mpaka likawa kubwa. Nikamwambia liko. Akaniambia nimwonyeshe. Akatia kidole chake pale, na mbuzi wakahesabiwa sisi hatusikii.

Hatukuombana msamaha, wala hatujaombana. Tulianza tu kupigiana simu juu ya haya marinda: lako unalifua na sabuni gani, langu limeachia pindo. Kisha tukaanza kubadilishana. Yeye huchukua langu akienda mazishi, mimi hubaki na lake. Sielewi hata tulianzaje.

Na hili ndilo lililokuwa likinila. Kama Fundi alikusudia, basi kuna mtu alitupenda kiasi cha kutia mkasi kwenye nguo ambazo zikiharibika haziwezi kurudi, na nikamfokea mbele ya soko. Kama ni macho tu, basi mimi na dada yangu tunazungumza kwa sababu ya mtoto wa jicho. Dada alisema haijalishi. Mimi inanijalisha. Sipendi kuishi ndani ya kitu ambacho hakuna aliyekikusudia.

Fundi alikuwa ameshafunga kibanda na kurudi kwake Kalama. Nikapanda huko juzi, siku ya Jumapili baada ya kanisa, nimebeba majani ya chai na mkate. Nilikuwa nimevaa rinda, lile la dada, maana langu lilikuwa Masii. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, mkaza-mwanawe akiambua mbaazi. Alikuwa amevaa nguo mpya ya dukani bado ina mikunjo. Macho yalikuwa yamefunga ukungu. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga vumbi, juu, chini, kana kwamba cherehani iko pale.

Nikamsalimu kama mama, "Mwaitu." Akanijua kwa sauti. Nikamweleza habari za soko, nani amehama, nani amefilisika. Mguu ukaendelea. Kisha nikauliza nilichokwenda kuuliza. Nikamwambia sina hasira tena, nataka tu kujua.

"Zile nguo za mama. Ulikosea, ama ulifanya kusudi?"

Mguu ukaendelea. Nikangoja. Mbaazi zilikuwa zinaanguka kwenye sufuria. Nikamwambia na kama ulikusudia, nisamehe kwa kelele. Mguu ukaendelea. Nikaanza kuchoka, nikafikiri basi, na huku pia nitarudi bila kitu.

Akanyoosha mkono, akanishika mkono wa rinda. Vidole vikapanda polepole hadi begani, vikasimama kwenye mshono. Akapinda ukingo wa kola, akausogeza puani, akafumba yale macho yasiyoona.

"Macho yangu yalikuwa yameisha," akasema. "Mlileta nguo za mtu mmoja. Ningejuaje ni mafurushi mawili?"

Basi ni macho. Nikaanza kusema haidhuru, mwaitu. Lakini vidole vyake vilikuwa bado begani, bega la kushoto, vinapapasa mahali alipokuwa ameshusha mshono.

"Hii si yako," akasema. "Hii nilimshonea dadako, kwa sababu ya lile bega. Yako nilikuachia akiba kubwa kiunoni, wewe ukiwa na mawazo unanenepa. Yako iko wapi?"

Mkaza-mwanawe akainua kichwa akaniangalia.

"Iko Masii," nikasema. "Dada ameivaa."

Mguu wa Fundi ukasimama.

"Zinawatosha?" akauliza.

"Zinatutosha," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akamwambia mkaza-mwanawe aweke chai, yangu isitiwe sukari. Mimi hunywa na sukari. Niliinywa hivyo hivyo.